Jibu kwa ndugu wa Likasi: CR3, Lightroom 6, na hiyo AI

Ndugu, umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja. Umenunua kamera ya Canon R10, na Lightroom 6 yako, programu ya kuhariri picha, inakataa faili zake za CR3, yaani picha ghafi za Canon. Halafu rafiki anakushauri uachane na hayo yote, ununue kompyuta mpya yenye AI (akili mnemba) "inayojifanyia kazi yenyewe". Nina studio ndogo ya picha hapa Lubumbashi, Kongo, kwenye komini iitwayo Kenya, si mbali na soko. Swali lako la kwanza ni jepesi. La pili mimi lilinikosesha usingizi usiku mzima.

Kamera yako ni nzima. Lightroom 6 ilitoka 2015 na ikapata sasisho la mwisho Desemba 2017. CR3 ilianza na Canon M50, mwaka 2018. Unaiomba programu isome herufi zilizobuniwa wakati yenyewe imeshamaliza shule. Pakua Adobe DNG Converter, ni ya bure. Ionyeshe folda yako, igeuze CR3 kuwa DNG, aina ya faili ambayo Lightroom 6 yako inaisoma, na kwenye mipangilio chagua Camera Raw 7.1 na kuendelea. Kama bado uko Windows 7, toleo linaloijua R10 halitakubali kuingia; peleka kadi kwa mwenye Windows 10, geuza huko, rudi na DNG kwenye diski. Canon nao wana Digital Photo Professional, ya bure pia, ila kwenye mashine ya RAM ya GB 4 utasonga bukari na kuila ukisubiri picha moja. CR3 zenyewe usizifute. Na ukipeleka kazi labo kuchapishwa, toa JPEG yenye mpangilio wa rangi wa sRGB, la sivyo ngozi za watu zitatoka kama zimepakwa majivu.

Sasa hiyo AI. Rafiki yako hajakwambia kwamba kitufe cha kujaza picha kilichoingia Photoshop mwaka 2023 hakitumii nguvu ya mashine yako. Picha inapanda hadi kwenye seva za Adobe, inatengenezwa huko, inarudi. Kwa hiyo unahitaji akaunti ya kulipia na koneksyo nzuri, na uso wa mteja wako unasafiri bila yeye kuulizwa. Photoshop za kwenye flashi (sote tunajua zetu zilitoka wapi, tusidanganyane) kitufe hicho haziwezi kukitumia.

Mwaka jana mama mmoja wa Katuba, komini nyingine ya hapa, alifiwa na mume wake, mzee aliyefanya kazi migodini maisha yake yote. Picha pekee waliyokuwa nayo ilikuwa ya kadi ya mpiga kura, ndogo kama kidole gumba, na mhuri umepita juu ya shavu. Walitaka picha kubwa ya kuweka kwenye kilio, asubuhi yake. Mwenzangu wa mjini, mwenye Photoshop mpya, alianza kusafisha akanitumia PSD, faili ya Photoshop. Mimi nina Photoshop CS6 ya 2012. Ilifunguka kwa onyo kwamba kuna data isiyoijua, nikabofya, na kazi yake yote ikapotea. (Akikutumia mtu faili ya namna hiyo, mwambie aweke alama kwenye "Maximize Compatibility" au akupe TIFF iliyobanwa kuwa tabaka moja. Ningelijua hilo jioni ile, nisingekuwa na hadithi ya kukusimulia.)

Umeme ukakatika. Nikatoka kutafuta mafuta ya jenereta. Kijana wangu wa studio, akitaka kunisaidia, akaiweka picha ya kadi kwenye programu ya AI ya simu. Niliporudi nilikuta uso safi, macho yanang'aa, kola imenyooka. Nikafurahi, nalikiri. Nikachapisha A3.

Yule mama aliitazama muda mrefu.

"Huyu ni nani, papa? Wangu alikuwa na alama hapa." Akagusa juu ya nyusi.

Shemeji yake akasema ni yeye, wamemsafisha tu. Lakini mama alikuwa sahihi. Kovu lilionekana kwenye kadi kama doa, na programu ikalichukulia kuwa uchafu. Pua nayo ilikuwa nyembamba zaidi. Programu za aina hii hazirudishi kilichokuwepo. Zinakisia kutokana na maelfu ya nyuso zilizotumiwa kuzifundisha, na nyuso hizo nyingi si za kwetu. Mwaka 2020 watu waliipa programu iitwayo PULSE, ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, picha ya Barack Obama iliyofifishwa. Ikawarudishia Mzungu. Obama, ambaye dunia nzima inamjua! Sasa mzee wa Katuba angetetewa na nani?

Nilirudi kwenye kadi, nikaondoa mhuri kwa mkono, kipande kwa kipande, hadi saa tisa usiku. Nikachapisha sentimita 13 kwa 18 tu, maana zaidi ya hapo ingekuwa ukungu, nikaiweka katikati ya fremu kubwa yenye karatasi nyeupe pembeni. A3 niliichana mwenyewe.

Usinielewe kwamba napinga kuchezea picha. Sammy Baloji, msanii wa picha, mtoto wa hapa hapa Lubumbashi, alichukua wafanyakazi wa picha za zamani za ukoloni akawasimamisha mbele ya magofu ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Kila anayeangalia anaona kwamba zimeunganishwa, na wale watu walikuwepo kweli. Mimi mwenyewe nimemweka baba marehemu kwenye picha ya harusi ya binti yake, kutoka picha halisi, familia yote ikijua. AI naitumia kufuta waya wa umeme angani au kupanua ukuta nyuma ya bibi harusi. Usoni siigusishi, na mteja akiitaka huko namwambia aniandikie kwa mkono wake kwamba ameitaka.

Kwa hiyo mashine mpya subiri kwanza. Pesa hiyo nunulia diski ya pili, maana DNG na CR3 pamoja zitakujazia ya kwanza kabla ya Pasaka. Converter ikikugomea, andika hapa una Windows gani. Nitaangalia jioni, umeme ukiruhusu.