Binti Yangu na Kitabu cha Katuni

Swali: Mhariri, binti yangu wa miaka 12 ameazima kitabu cha katuni chenye habari za mapenzi ya shuleni. Je, nimnyang'anye? (Mama wa Ibanda, Bukavu)

Jibu: Mama mpendwa, tafadhali usimnyang'anye, bali keti naye mkisome. Kwa mfano, katika kitabu cha katuni "Smile", kilichotoka Marekani mwaka 2010, mwandishi na mchoraji wake Raina Telgemeier anasimulia jinsi alivyoanguka akaumia meno mawili ya mbele, akampenda mvulana kimoyomoyo, na hatimaye akaachana na marafiki waliokuwa wakimdhihaki. Kwangu mimi, uzito wa vitabu hivi umo katika urafiki kuliko mapenzi, kwani mtoto anayeona aibu kusema ameumizwa na mwenzake huweza kuonyesha kwa kidole uso uliochorwa. Anapokawia kufungua ukurasa, muulize anamwona nani pale.