Usiitupe moduli kabla hujapima umeme

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji, nikaona kama nimeuandika mwenyewe: "Kaka, nimetoa platini kwenye pikapu yangu ya zamani nikafunga moduli ya elektroniki. Nikipiga stata injini inashika, nikiachia ufunguo inazima. Nimenunua moduli ya pili, ni yale yale."

Pole, ndugu yangu. Huenda moduli zote mbili ni nzima. Kwa mgeni: platini ni swichi ndogo ya kimakanika inayokata na kuunga umeme wa koili, na koili ndiyo inayoukuza umeme huo uwe cheche ya plagi; moduli hufanya kazi ya platini kielektroniki.

Mimi nina Ford F-100 ya 1966, silinda sita. Nimeishi na platini miaka mingi: fila geji ya kupimia pengo mfukoni, kipande cha msasa, na kile kitako kinachosugua kamu mpaka kinalika na taimingi, yaani wakati wa cheche kupiga, inahama yenyewe. Huo ni mfumo wa mhandisi Mmarekani Charles Kettering, wa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Chrysler waliachana nao mwaka 1973, mimi bado nakwangua platini! Nikasema basi.

Kufunga hakukuwa na hadithi. Unatoa platini na kondensa, unakaza moduli, unavisha pete ya sumaku chini ya rota, waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi ya koili. Na kwa kuwa najiona mjuzi, nilikuwa nimepima kwanza. Mita kwenye chanya ya koili, ufunguo umewashwa: volti 12.4. Safi kabisa.

Nikapiga stata. Ikashika. Nikaachia ufunguo, kimya. Nikarudia mpaka betri ikaanza kulalamika. Mzee mmoja fundi alikuwa amesimama pembeni na vijana wake wawili. "Rudisha platini, mwanangu," akasema, na wale vijana wakacheka. Nilizirudisha mbele yao. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile masikio yanapata moto.

Miezi miwili baadaye ndipo nikagundua kosa. Siku ile nilipopima, platini zilikuwa wazi, umeme hautembei. Kwenye Ford hizi, kati ya swichi ya ufunguo na koili kuna waya wa ukinzani uliofichwa ndani ya fungu la nyaya, kazi yake kupunguza volti ili platini zisiungue. Lakini ukinzani haupunguzi kitu mpaka umeme utembee. Nikaizungusha injini kwa mkono mpaka platini zikafunga, nikapima tena: 6.8. Moduli ya volti 12 itaishije hapo? Ukipiga stata kuna njia nyingine inayopeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye koili, ndiyo maana inashika. Ukiachia, unabaki na ule mnyonge.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: pima umeme ukiwa unatembea. Kama platini umeshatoa, chomoa waya za moduli, gusisha hasi ya koili kwenye bodi kwa waya mfupi, sekunde mbili tatu, mita ikiwa kwenye chanya. Usiguse waya mnene wa koili, ukiuachia tu ule mfupi, huo mnene unapiga cheche. Ukiona 6 au 7, waya mwekundu wa moduli uhamishie kwenye umeme wa kabla ya ule ukinzani, mahali panapopata umeme ufunguo ukiwa kwenye kuendesha na ukiwa kwenye stata pia.

Pili, pima omu za koili, yaani ukinzani wake, ulinganishe na karatasi iliyokuja na moduli. Koili ikiwa chini ya kiwango, itaipika moduli. Tatu, tega taimingi upya. Nne, usiache ufunguo umewashwa injini ikiwa imezimwa. Hili nalisema kwa uchungu: wiki ya kwanza baada ya kuifunga moduli tena na injini kukubali, nilikaa ndani nikisikiliza redio, na moduli ikafa palepale. Tano, pima umeme. Ndiyo, narudia! Tunapenda mno kununua kifaa kingine kuliko kuinama na mita, halafu tunamlaumu aliyekitengeneza. Mnyenyekee mita, jamani.

Leo inawaka kwa robo mzunguko na haimisi kwenye sailensa. Platini sikuzitupa, zimo kwenye droo ya dashibodi, zimeviringishwa kwenye kitambaa pamoja na kondensa na bisibisi fupi.

Kaka, kapime, uniandikie umepata volti ngapi.