Unataka kuanza enduro? Nunua buti kwanza, pikipiki itafuata

Kila nikiweka picha ya pikipiki imejaa tope naulizwa swali lile lile, "kaka, ninunue chuma gani nianze enduro?" Na mtu anategemea nimtajie KTM 300, pikipiki yenyewe ya enduro, au kitu cha aina hiyo, nikimwambia anunue buti kwanza anaona namzingua. Sizingui.

Tuelewane kidogo hapa, enduro ni mchezo wa kuendesha pikipiki porini, sio motokrosi, hakuna kuzunguka kiwanja kimoja unaruka matuta watu wanashangilia. Enduro ni umbali, mawe, mchanga, makorongo, vilima, saa nyingi juu ya chombo, na ufike kikiwa bado kinatembea. Hata yale mashindano ya siku 6 yaliyoanza Uingereza mwaka 1913 yalianzishwa kupima uvumilivu wa mashine na mtu. Kwa hiyo anayeanza ana kazi mbili tu, asivunjike mguu na ajue kwenda taratibu.

Mguu nautaja kwa sababu porini mara nyingi unaanguka ukiwa kwenye mwendo wa mtu anayetembea, tairi la mbele linateleza, unaweka mguu chini, chuma cha kilo mia na kitu kinakulalia juu ya jiwe. Hapo gambuti haikusaidii, wala buti la jeshi. Tafuta buti lenyewe la enduro lenye plastiki ngumu mbele ya muundi, hata la mtumba sawa. Helmeti hapana, helmeti usinunue ya mtumba kabisa, hujui ilishaanguka na nani na ikishagongwa mara moja ndani inakuwa imeshachoka hata kama nje inang'aa. Ongeza kinga za magoti, glavu na miwani ya vumbi, basi.

Sasa pikipiki. Huku kwetu Arusha ukitulia utapata Honda XL125 au Yamaha DT125 iliyotoka kwenye mradi fulani au kwa bwana shamba, na kwa kuanzia hizo zinatosha kabisa, spea zipo, fundi yeyote anaijua, ukiiangusha huumii moyo. KTM 300 EXC ni chombo kitamu lakini siti iko juu karibu sentimita 96, ukiwa mfupi kama mimi ukisimama kwenye mteremko mguu haugusi chini unalala nayo, alafu kifaa kikivunjika unaagiza nje unasubiri. Wengine wananiuliza kuhusu Boxer, jibu ni kwamba itakufundisha balansi ila shokapu zake fupi na tairi za inchi 17 kwenye mawe zitakuchosha mapema. Ingawa na mimi nimeona vijana wa boda kule Lushoto wanapandisha magunia ya mkaa kwenye utelezi wa masika na Boxer hiyo hiyo, wale jamaa waacheni tu.

Ukishaipata usikimbilie kwa fundi kuongeza eksozi ya kelele. Fanya vitu vya bure. Simama juu ya vikanyagio kama utakavyoendesha, alafu angalia mikono inafika wapi: usukani uzungushe mbele kidogo, lava za klachi na breki zishushe ziangalie chini ili ukisimama kiganja kisikunjike. Boliti za lava usizikaze sana, ukianguka zizunguke badala ya kuvunjika. Pedeli ya gia ipandishe kidogo manake buti ni nene. Watu wanahangaika mwaka mzima mikono inauma kumbe lava zimekaa za barabarani.

Mazoezi anzia kiwanja cha mpira asubuhi kabla watoto hawajafika. Chora nane, umesimama, gia ya kwanza, kidole kimoja au viwili kwenye klachi muda wote. Shindaneni nani atafika wa mwisho bila kuweka mguu chini. Inaonekana mchezo wa kitoto lakini enduro yote iko hapo kwenye hicho kidole cha klachi, anayejua kuiachia nusu nusu atapanda kilima ambacho mwenye cc mara mbili yake amekwama anachimba shimo na tairi la nyuma. Macho yaangalie unakotaka kwenda, ukilikodolea jiwe utalipiga tu.

Ukitoka nje sasa, njia za kuelekea Longido zina kila kitu. Mchanga wa kwenye makorongo: uzito nyuma kidogo, gesi isikatike, usukani usiubane, uache ucheze wenyewe. Ukiogopa ukakata gesi tairi la mbele linazama unaenda chini. Kushuka mlima, gia ya kwanza, klachi usishike, injini ikubebe, breki ya mbele kwa upole. Kupanda, ukizimikiwa katikati usipambane kuwasha hapo hapo, iache kwenye gia, shika breki ya mbele, ilaze upande wa juu wa kilima, igeuze ushuke ujaribu upya. Na ukiona wingu zito limekaa juu ya milima ya Monduli usipumzike ndani ya korongo hata kama kwako jua linawaka, maji yanakuja kutoka juu bila hodi. Udongo mweusi ukishalowa ahirisha safari tu, unajaa kwenye madigadi mpaka tairi linagoma kuzunguka.

Upepo wa tairi barabarani labda ni psi 28 au 30, porini shusha mpaka 15 hivi, kwenye mawe makali usiende chini sana rimu itakata tubu. Miiba ya migunga haina huruma kwa hiyo weka tubu nene, na ubebe tubu ya inchi 21, hiyo dharura ikikubana inaingia hata nyuma. Pampu, vyuma vya kufungulia tairi, plagi, kiungo cha cheni, maji lita 3. Usiende peke yako, mkiwa watatu ndio vizuri, mmoja akiumia mmoja anabaki naye mwingine anafuata msaada.

Hifadhi za taifa pikipiki haziruhusiwi, usijaribu. Vijijini ukikuta ng'ombe au mbuzi njiani zima injini kabisa, subiri wapite, msalimie mzee vizuri ndio uulize njia. Kuna njia nimeona zimefungwa kwa sababu ya watu wawili watatu waliopita kwenye mifugo wanapiga resi.

Mkirudi najua mtataka soda na kuangalia video. Fungua filta ya hewa kwanza. Lile vumbi la Longido ni kama unga, linapita kwenye sponji kavu linakula pistoni. Osha na mafuta ya taa, alafu maji ya sabuni, kausha kivulini, paka oili ya filta, rudisha. Usitumie petroli, inayeyusha gundi ya sponji na mnavyopenda kuvuta sigara hapo gereji mtaungua.