Maswali na majibu: rauta inayosahau

Wiki hii naona wote mmeamkia rauta. Nachagua chache, na wale wa "fundi rauta yangu imekufa" bila kusema ni rauta gani wala taa zipi zinawaka, mtanisamehe.

Nabadilisha jina la waifai na paswedi, nasevu, inakubali kabisa. Umeme ukikatika ukarudi, jina la kiwandani nalo limerudi. Nimeshariseti mara nne. – Sakina, Arusha

Mara nne! Hivi nani aliwaambia riseti ni dawa? Riseti inafuta, yani unalalamika rauta inasahau alafu unaisahaulisha kwa kidole chako mwenyewe.

Rauta ina kumbukumbu mbili. Moja ni ya kufanyia kazi, umeme ukienda nayo inaenda. Nyingine ndo inaandika na kubaki hata ukae gizani mwezi. Ni kama duka la Mangi, ukikopa sukari akaiweka kichwani tu bila kuandika kwenye daftari, kesho deni halipo. Sasa kuna rauta, hasa za zamani na zile za kiofisi, ukibonyeza Apply mabadiliko yanaanza kazi saa hiyohiyo ila bado hayajaenda kwenye daftari, kuna kitufe kingine cha Save kimejificha kwenye menyu ya mfumo. Kitafute. Badilisha kitu kimoja tu, sevu, subiri dakika moja, toka alafu ingia upya. Kama hakipo hata kabla hujazima, shida ni kusevu. Kama kipo na kinapotea ukizima tu, na una uhakika uliandika kwenye daftari, acha menyu ushike rauta yenyewe mkononi.

Anza na kakitundu ka riseti. Niliwahi kufungua rauta ya mama mmoja wa Majengo, Moshi, ilikuwa inarudi kiwandani kila ikiwashwa, na alishaambiwa anunue nyingine. Ndani nikakuta kipande cha kijiti cha meno, mtoto alichokoa kikakatikia humo, kikabaki kimekandamiza kitufe. Kila ikiwaka inadhani kuna mtu anairiseti. Nilikitoa na kibano cha nyusi, kazi ikaisha.

Alafu adapta, na hapa ndo ugomvi wangu na nyie kila siku. Rauta imeandikwa 12V 1A, wewe umeichomeka adapta ya 9V 0.6A uliyoitoa kwenye kitu kingine kwa vile pini imeingia. Taa zitawaka, waifai itatoka, utaniambia mbona inafanya kazi. Jioni watu watano wakiingia YouTube inazidiwa, inajizima na kujiwasha, na ikijizima katikati ya kuandika setingi, faili linaharibika na rauta nyingine zikiona hivyo zinarudi za kiwandani. Soma kibandiko cha chini ya rauta, soma cha kwenye adapta, volti zilingane, ampea zilingane au zizidi. Volti zikizidi unaweza kuiunguza. Na usiamini maandishi tu, mi nimewahi kupima na mita adapta mpya iliyoandikwa 12V, ikiwa na mzigo ikasoma nane na pointi.

Chipu ya kuhifadhi nayo inachoka, sikatai, ila nyingi za aina hiyo zinahesabiwa kufutwa na kuandikwa kama mara 100,000, sasa wewe unabadilisha paswedi mara ngapi kwa mwaka? Fundi akikimbilia kusema chipu imekufa kabla hajagusa adapta, chukua rauta yako uondoke.

Paswedi ya kuingia kwenye setingi ni ipi? – wengi mno

Igeuze. Iko kwenye kibandiko. Ukishaingia badilisha, hiyo admin na admin kila chalii wa mtaa anaijua.

Nikibonyeza Save kwenye simu inazunguka tu, nikirudi ukurasa ni uleule. – Pasua, Moshi

Zima data. Simu ikiona waifai haina intaneti inahamia kwenye bando kimyakimya, na huko 192.168.1.1, yani anwani ya ukurasa wa setingi za rauta, hakuna mtu wa kukujibu. Alafu kama ulichobadilisha ni jina la waifai, lazima ikutupe nje, ndo maana ya kubadilisha jina, jiunge tena kwa jina jipya kabla hujanilaumu. Ikigoma bado, tumia kompyuta na waya na brauza nyingine. Brauza zinazokumbuka paswedi zina tabia ya kujijazia visanduku usivyovigusa, unabadilisha jina la waifai kumbe imeshaingiza neno lingine kwenye akaunti ya mtoa huduma, unasevu, intaneti kwisha.

Saa ya rauta kila ikiwaka ni 1970. – Ngaramtoni

Rauta nyingi za nyumbani hazina betri ya saa, zinaanza na tarehe hiyo mpaka zipate muda toka kwenye intaneti. Washa NTP, ndo inayochukua saa toka mtandaoni, na weka UTC+3, saa za kwetu. Ile ratiba ya kuwazimia watoto waifai usiku nayo itatulia.

Naweka DNS ya 8.8.8.8, asubuhi imerudi ya kampuni. – Njiro

DNS ndo inayotafuta anwani ya kila tovuti unayoiita. Rauta ni ya mtoa huduma? Basi hiyo haisahau, inakumbushwa. Wanaisimamia kwa mbali, mara nyingi kwa utaratibu unaoitwa TR-069, wakituma setingi zao zako zinafutika. Weka DNS kwenye simu na kompyuta zako, au nunua rauta yako uifunge nyuma ya yao. Ukifanya hivyo hakikisha hazitumii namba moja zote mbili, moja iwe 192.168.1.1 nyingine 192.168.2.1, maana nimeshaona dada anabadilisha paswedi wiki nzima kwenye rauta ambayo simu za nyumbani hazijaungwa. Na wale wa "nakufungulia rauta kwa elfu kumi" waache, wakishaingia humo hujui wameacha nini.

Nikishaseti vizuri naweza kutunza setingi zangu? – Usa River

Ndiyo, tafuta Backup kwenye menyu, inashusha faili. Ila usilitume kwenye grupu la familia, ndani yake mna paswedi zako.

Nifanye apdeti? – Kiboriloni

Fanya, kwa waya, siyo siku ambayo umeme unachezacheza, maana ikikatikia katikati unaweza kubaki na tofali, yani rauta isiyofanya kazi tena. Na angalia toleo kwenye kibandiko, v1 na v2 ni rauta mbili tofauti hata kama zimefanana boksi. Kibandiko kikiwa kimefutika usibahatishe.