Kutoka Chumba cha Habari Hadi Masijala

Kila Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachosimamia ajira za Serikali hapa Tanzania, inapotangaza nafasi za Afisa Habari, simu yangu haipumziki. Ni vijana wa redio na magazeti ya mikoani, na swali ni lile lile: "Kaka, niombe?" Huwa nawaambia waombe. Nikiwakataza nitakuwa mnafiki, maana mimi mwenyewe niliomba, nikapata, na huu ni mwaka wa sita napokea mshahara wa Serikali baada ya miaka tisa ya kulipwa kwa idadi ya habari zilizotoka. Ila kuna mambo ambayo kwenye tangazo la kazi hayaandikwi, na kwenye usaili hayaulizwi.

Kwanza ujue unaingilia mlango upi. Mwandishi anaweza kwenda serikalini kwa ajira au kwa uteuzi, na watu wa nje huona ni kitu kimoja. Zuhura Yunus alipotoka BBC kule London na kuwa Mkurugenzi wa Mawasiliano ya Rais Ikulu mwaka 2022, huo ulikuwa uteuzi. Mkuu wa wilaya ni mteule, mkurugenzi wa halmashauri naye ni mteule. Mteule huingia kwa taarifa kwa umma na anaweza kutoka kwa taarifa kwa umma, wakati mwingine usiku, akiisoma mtandaoni kama sisi wengine. Afisa Habari wa halmashauri ni mtumishi wa kawaida: ana mwaka mmoja wa majaribio, anathibitishwa kazini, ana faili lake, ana likizo. Bosi atabadilika, wewe utabaki. Nimeshafanya kazi na wakurugenzi wanne, na kila mmoja alikuja na namna yake ya kuogopa waandishi.

Wiki ya pili niliambiwa niandike dokezo, yaani andiko la ndani la kuomba kibali cha mkubwa, la kuomba kamera. Nikaandika ninavyojua: jambo zito juu, maelezo chini. Sentensi ya kwanza ilisema halmashauri haina kamera na picha zote za ziara zinapigwa kwa simu za watumishi. Dokezo lilirudi na maneno matatu ya kalamu nyekundu pembeni: "Hii ni habari." Maishani mwangu sikuwahi kudhani hilo lingekuwa tusi. Mama wa masijala, aliyeshika mafaili tangu enzi za taipureta, ndiye aliyenifundisha. Aya zina namba. Unaanza na chanzo cha jambo hata kama kila mtu anakijua, unapita kwenye hoja, unafika kwenye gharama na kifungu cha bajeti, na ombi lako linakaa mwisho kabisa, kisha "Naomba kuwasilisha". Kwa mtu aliyezoea mhariri anayekata habari kuanzia chini, ni kama kuambiwa utembee kinyumenyume. Lakini kuna akili ndani yake: anayesoma dokezo ndiye atakayeweka saini, na hataki kufika kwenye ombi kabla hajajua linaweza kumponza kwa lipi. Kamera ilikuja baada ya miezi minane. Usicheke, kuna wenzangu bado wanangoja.

Sasa hili lisikilize vizuri. Mwaka wangu wa pili, rafiki yangu tangu chuoni, ambaye tuligawana chumba na jiko la mafuta ya taa, alinipigia kuuliza kuhusu jengo la wodi ya wazazi kwenye kituo kimoja cha afya. Fedha zilikuwa zimeshaletwa, wananchi walishachimba msingi na kusomba mchanga, na yeye alikuwa amesikia kazi imesimama. Nikaenda idara husika, nikapewa karatasi: ujenzi umefikia asilimia 90, kilichobaki ni umaliziaji. Nikamtumia sentensi hiyo ikiwa na jina langu na cheo changu. Sikwenda kuangalia. Gari lilikuwa kwenye ziara, na niseme ukweli, nilijisikia mtu mkubwa kidogo kutoa takwimu badala ya kuhangaika kuzitafuta.

Yeye alipanda bodaboda. Picha ilitoka siku mbili baadaye: kuta zimesimama, madirisha ni matundu, paa hakuna, na katikati ya chumba ambacho kingekuwa cha kujifungulia wamelala mbuzi watatu, mmoja ameinua kichwa kama anayesubiri kuhojiwa. Chini ya picha yakafuata maneno yangu ya asilimia 90.

Nilitegemea matusi. Hakutukana. Alipiga jioni akaniuliza, "Ulifika?" Nikasema sikufika. "Basi ungesema hujafika." Akakata. Kwa karibu mwaka mzima, akihitaji kauli ya halmashauri alimpigia mkurugenzi moja kwa moja, akinipita kama nguzo ya umeme, na wenzake wakaanza kumuiga. Hapo ndipo ofisi ilipogundua, na mimi pia, kwamba hawakuniajiri kwa sababu najua kuandika. Wanaojua kuandika wamejaa. Nilichokuja nacho ni kwamba waandishi wa mkoa ule waliponipigia waliamini ninachosema, na nilikuwa nimekitumia chote kwa sentensi moja.

Tangu siku ile, takwimu ya mradi ambao sijaufikia naitoa kwa jina la mhandisi aliyenipa, tena kwa maandishi, au naomba niongezewe siku moja niende. Jambo nililokatazwa kulisema nasema wazi: "Hilo siruhusiwi kulizungumzia, mtafute mkurugenzi." Mwandishi mzoefu anaelewa. Kunyamaza kunaruhusiwa katika kazi hii, na mara nyingine ni wajibu. Kudanganya hakumo kwenye majukumu uliyoandikiwa, hata kama yupo atakayekuambia kumo. Isome pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoipa ofisi siku 30 za kujibu ombi la mwananchi. Wakuu wa idara niliowakuta hawakuwa wameisoma, na nilipowaonyesha kifungu walinisikiliza kuliko nilipokuwa nawabembeleza. Siku 30 kwa mwandishi wa habari za kila siku ni sawa na Kiama, bila shaka, ndiyo maana simu yako itaendelea kuita saa mbili usiku.

Kuna jambo dogo litakalokuuma: orodha ya posho wanayopewa waandishi wanaokuja kwenye shughuli. Miaka tisa nilisaini karatasi ile nyuma ya ukumbi, jina, chombo, kiasi, saini, bila kufikiri nani anaiandaa. Sasa naiandaa mimi. Najua nani anasaini kwa niaba ya mwenzake ambaye hakuja, najua nani anaandika jina la redio iliyokwisha kufungwa, na namjua binti mmoja wa redio ya jamii anayerudisha bahasha na kuomba nafasi kwenye gari tu. Usiwadharau. Unajua wanalipwa nini kwa habari moja, au kwamba hawalipwi kabisa. Na usiigeuze karatasi ile kuwa fimbo, ukafuta jina la mtu kwa sababu habari yake ya jana haikumpendeza mkubwa. Nimeshaombwa kufanya hivyo. Nikajibu kwamba orodha imeshakwenda kwa mhasibu, halafu nikatoka mbio kuipeleka.

Kundi la WhatsApp la waandishi jitoe mwenyewe siku unapopokea barua ya ajira. Mimi nilibaki, kimya, kwa mazoea tu na kwa vichekesho vyao. Siku moja mpango wao wa kususia mkutano ukamfikia mkubwa kabla ya mkutano. Sikuwa mimi, lakini nani angeamini? Aliyenitoa ni kijana niliyemfundisha kushika maiki.

Watu hupenda kumtaja Benjamin Mkapa kuonyesha kwamba njia hii inafika mbali. Ni kweli: mhariri wa The Nationalist mwaka 1966, baadaye Daily News, mwandishi wa habari wa Rais Nyerere mwaka 1974, waziri wa mambo ya nje mwaka 1977, Rais kuanzia 1995 hadi 2005. Wanachosahau ni kwamba akiwa Rais hakuwa laini kwa waandishi. Alitulaumu waziwazi kwa uvivu wa kusoma na kutafiti. Zamani niliona ni kiburi. Sasa, nikiulizwa swali ambalo jibu lake lipo aya ya kwanza ya taarifa niliyotuma asubuhi, namwelewa kuliko ninavyopenda. Jichunge hapo. Aliyetoka chumba cha habari anajua mahali pa kuwapiga waandishi pakauma, na dharau hiyo inaingia taratibu kama unyevu ukutani.

Fedha je? Miezi ya mwanzo, kabla cheki namba, ile namba ya kulipiwa mshahara, haijatoka, utaishi kwa kukopa kwa ndugu, kwa hiyo ingia na akiba. Ikishatoka, watu wa benki watakufuata mpaka mezani na fomu zao, na kalamu watakuletea wao. Ngoja. Mimi nilichukua mkopo mkubwa mara tu nilipothibitishwa kazini, nikaanza kujenga. Nyumba ninayo leo na naipenda. Lakini hapo juu nimesema sikwenda kwenye ile wodi kwa sababu ya gari, na kwa sababu ya kujisikia mkubwa. Kuna la tatu. Karatasi ya asilimia 90 ilinukia uongo tangu nilipoishika, na miaka tisa ya kazi ilitosha kunifanya nisikie harufu hiyo. Nilikaa nayo mezani kama dakika tano hivi, nikiwaza makato ya miaka sita na nini kitatokea nikianza kuuliza maswali. Nyumba yangu nayo siku ile ilikuwa haijaezekwa.