Wazee nane, wahudumu wangapi?

SWALI: Shikamoo nesi. Niko Makorora hapa Tanga, mama alituachia nyumba ya vyumba sita nataka nichukue wazee nane niwatunze kwa malipo, wawili hawainuki kitandani. Jirani ananiambia wadada wawili wanatosha maana wazee wanalala tu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, hawatoshi, na huyo mzee anayelala tu ndo anakula muda kuliko wote.

Usihesabu vichwa, hesabu dakika. Australia, baada ya tume yao kutoa ripoti ya nyumba za wazee 2021, waliweka kiwango, sahivi ni wastani wa dakika 215 za huduma kwa kila mzee kwa siku, 44 kati ya hizo za nesi, na kupika na kufua havimo. Sheria yao haitubani ila kipimo chake kitakusaidia. 215 mara 8 ni 1,720, yaani karibu masaa 29, kwa shifti ya masaa 8 ni shifti nne kila siku: asubuhi wawili, mchana mmoja, usiku mmoja. Ukiweka na siku zao za off unahitaji watu watano au sita, mpishi mbali.

Kabla hujapokea hata mzee mmoja nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, na uombe upite Mwanzange kwenye makazi ya wazee ya serikali uongee na wahudumu.

Sasa wa usiku, huyu akeshe kweli. Niliwahi kuitwa nyumba moja kumwangalia bibi, mchana wanamhudumia vizuri tu lakini usiku dada analala mpaka alfajiri, nilipofunua shuka kisigino kimeshakuwa kidonda na bibi hakuwa amesema kitu, alikuwa anaona aibu kumwamsha mtoto wa watu. Iliniuma sana. Asiyeweza kujigeuza kawaida tunamgeuza kila baada ya masaa mawili, na ngozi zetu nyeusi usisubiri uone wekundu, gusa kwa mgongo wa mkono kwenye nyonga, kiunoni nyuma na visigino, pakiwa pa moto au pagumu kuliko pembeni basi kidonda kinaanza, usimlaze tena upande huo.

Kila akigeuza aandike kwenye daftari saa ngapi na ubavu gani, na wewe asubuhi kabla ya chai lisome halafu ukaguse visigino mwenyewe.