Chesisi haichomelewi: kwa vijana wanaoanza kufunga bodi

Wiki iliyopita hapa gereji, Nakuru, nilimkuta kijana wetu mpya amejikunja chini ya tipa, kofia ya weldingi usoni, elektrodi imebakisha sentimita mbili kugusa flenji ya chesisi, yaani ukingo uliokunjwa wa fremu kuu ya lori. Nilipiga kelele mpaka mama wa chai akashtuka. Kijana akaniuliza, "Fundi, si ni ya kuishikilia tu?" Hayo ndiyo maneno niliyosema mimi mwaka wangu wa pili.

1. Chesisi haichomelewi, na flenji haitobolewi.

Lilikuwa lori la kubeba miwa upande wa Muhoroni. Sabfremu, ile fremu ya pili inayokaa kati ya chesisi na bodi, tulikuwa tumeiunda vizuri, lakini kila nikikaza yuboliti (boliti zenye umbo la U), sabfremu inateleza milimita tatu, nne, kuelekea kebini. Ijumaa jioni, mwenye lori ameketi juu ya tairi pale langoni tangu asubuhi, fundi mkubwa ametoka kutafuta vipuri. Nikachukua elektrodi, nikapiga weldi nne fupi, mbili kila upande, mbele kabisa pale sabfremu inapoishia nyuma ya kebini. Halafu nikazipaka rangi nyeusi. Ile rangi ndiyo inayoniuma mpaka leo, kwa sababu maana yake nilijua.

Miezi mitano baadaye lori lilirudi likivutwa. Nililala chini yake na tochi. Kutoka mwisho wa weldi yangu palianza ufa mwembamba kama unywele, unga wa kutu umetoka ndani yake. Ulikata flenji ya juu, ukashuka ubavuni, ukapita nusu ya kimo cha chesisi. Weldi yenyewe ilikuwa nzima! Kilichopasuka ni chuma cha kando yake, ambacho moto wangu ulikiharibu, na ni papo hapo nyuma ya kebini ambapo chesisi hujipinda kila gurudumu likiingia shimoni. Barabara za mashamba ya miwa mnazijua. Dereva aliona nafasi kati ya kebini na bodi imebadilika, akasimama. Alikuwa na taniboi wake, kijana wa umri wangu.

Fundi mkubwa hakunigombeza. Alikwangua ile rangi nyeusi kwa ukucha, akaniangalia, akaenda kumpigia simu mwenye lori.

2. Ncha ya mbele ya sabfremu ikate mshazari, ipungue unene pole pole. Ikiishia wima kama ukuta, uzito wote unagonga mahali pamoja.

3. Mbele acha sabfremu ipumue, yaani icheze kidogo, kwa boliti zenye springi. Nyuma ibane kwa bamba. Yuboliti hubana juu na chini tu, hazizuii kuteleza, na ndiyo sababu ile sabfremu yangu ilikuwa inanikimbia. Ilitaka bamba za ubavuni, zifungwe kwa boliti kwenye matundu ya kiwandani. Kazi ya saa mbili! Mwenye lori angenisubiri, alikuwa mzee mpole sana.

Na ukitumia yuboliti, weka kipande cha chuma kati ya flenji mbili za chesisi zisijikunje. Kipande cha mbao karibu na egzosi, hapana.

4. Soma kichwa cha boliti: namba ya nguvu yake iwe 8.8 kwenda juu. Nati ya kujifunga ikishafunguliwa haifai tena, weka mpya. Kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha lori, na mwambie dereva arudi mapema ukaze tena, kwa sababu rangi na kutu vilivyobanwa katikati husagika na kila kitu hulegea. Mpigie simu mwenyewe, madereva husahau.

5. Ukichomelea chochote kwenye bodi iliyo juu ya lori, toa nyaya za betri kwanza, na klempu ya athi, ile ya waya unaorudisha umeme kwenye mashine ya weldingi, iwe karibu na weldi.

Yule kijana wangu sasa yuko mezani anatoboa bamba, ya tatu kati ya nane. Nimemwazima drili yangu mwenyewe. Mwenye tipa nimemwambia aje Jumatatu.